Sekunde 41 ambazo faili halikuzionyesha

Yule dada alikuwa bado kwenye simu aliposema, "Haya, imeganda tena."

Nilikuwa nimeshawasha ufuatiliaji kwenye kipindi namba 143, yaani nimeiambia hifadhidata yetu ya Oracle iandike kwenye faili kila amri inayopita kwenye muunganisho huo, na nilikuwa nasubiri neno hilohilo. Nikamwomba asiguse chochote. Tukakaa kimya wote wawili. Nilisikia pumzi zake, nikasikia na mlango ukifungwa mahali fulani nyuma yake. Baada ya muda uliokuwa mrefu kwetu sote akasema, "Imeendelea." Nikamshukuru, nikazima ufuatiliaji, nikafungua faili.

Faili lilikuwa safi.

Kulikuwa na amri za SQL thelathini na kitu, na hakuna hata moja iliyofikisha sehemu ya kumi ya sekunde. Katikati palikuwa na pengo: saa ya mstari mmoja na saa ya mstari uliofuata zilipishana kwa sekunde 41. Kwa mtu aliyezoea kusoma mafaili haya, pengo la namna hiyo lina maana moja: hifadhidata imemaliza sehemu yake, inamngoja mtumiaji. Nikampigia tena. Nikamwambia kwa upole, na kwa uhakika wote niliokuwa nao, kwamba hifadhidata haina tatizo, awaone watu wa mtandao.

"Sawa, kaka. Asante."

Asante ile ilikaa nami wiki tatu.

## Nani alikuwa anamngoja nani

Kilichonikera ni kwamba nilikuwepo. Isingekuwa simu, ningesema labda aliinuka, labda alikuwa anaongea na mtu. Lakini nilimsikia. Alikuwa ameketi mbele ya skrini, mkono hauko kwenye kipanya, anangoja. Faili langu lilisema hifadhidata inamngoja yeye. Yeye alikuwa anaingoja hifadhidata. Pande mbili haziwezi kungojana kwa sekunde 41 halafu zote ziwe hazina kosa.

Watu wa mtandao wakarudi na vipimo vyao, navyo vilikuwa safi. Sasa tulikuwa na ripoti mbili za usafi na mtu mmoja aliyekwama.

Nilirudi kwenye faili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nililisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Jibu lilikuwa mahali ambapo sikuwa nikisoma kabisa, kwenye jina la faili lenyewe. Katikati ya jina hilo kulikuwa na herufi nne: s002, alama ya seva ya kushirikiana, ile inayohudumia vipindi vingi kwa zamu.

Nilikuwa nimelipata faili hilo kwa njia ninayoitumia siku zote. Unaangalia v$session (orodha ya vipindi), unafuata safu ya PADDR mpaka v$process (orodha ya michakato), unasoma safu ya TRACEFILE, unalo faili lako. Njia hiyo haina makosa pale ambapo kila muunganisho una mchakato wake wa seva. Mimi nilikuwa nimeuliza swali la sekunde moja, "kipindi hiki kiko kwenye mchakato gani *sasa hivi*?", halafu nikalichukua jibu kana kwamba ni la siku nzima.

## Kumbukumbu ilihama, daftari likabaki

Seva za kushirikiana si jambo geni kwenye Oracle. Zilikuja na Oracle7 mwaka 1992 zikiitwa MTS, na jina la sasa likaja na toleo la 9i. Namna zinavyofanya kazi nilikuwa naijua, hata kuifundisha nimeshaifundisha: ombi linaingia kwa dispacha, mchakato wa kupokea maombi, dispacha inaliweka kwenye foleni moja ya wote, na seva yoyote iliyo huru inalichukua. Ikimaliza, jibu linarudi kwenye foleni ya dispacha ileile, na seva inachukua ombi linalofuata la mtu mwingine kabisa. Ombi lako la pili litaangukia kwa nani? Kwa yeyote.

Hilo linawezekana kwa sababu kumbukumbu ya kipindi, UGA, haikai ndani ya mchakato. Inakaa kwenye SGA, mahali ambapo seva zote zinaifikia. S002 inaweza kuanza muamala wako na s005 ikaumalizia, na wewe usihisi chochote.

Nilichokuwa sijawahi kukitafakari ni hiki: walipoitoa kumbukumbu ya kipindi mikononi mwa mchakato, daftari la ufuatiliaji hawakulitoa. Kila mchakato bado unaandika kwenye faili lake. Kwa hiyo kipindi kimoja kinatembea kutoka seva hadi seva, na kila kinapopita kinaacha kurasa mbili tatu kwenye daftari la mwenyeji wake, halafu kinaondoka.

Nikatafuta "143.2871", namba ya kipindi na namba yake ya mfululizo, kwenye saraka nzima. Yalitoka kwenye mafaili manne.

Nikalifungua la s005. Mstari wa juu: `*** SESSION ID:(143.2871)`, na tarehe ya siku ile ya simu. Chini yake amri moja ya UPDATE, na chini ya amri hiyo mstari mmoja wa WAIT wenye jina `enq: TX - row lock contention`. Thamani ya ela, yaani muda wa kungoja kwa mikrosekunde, ilikuwa 41,083,117.

Niliyaweka mafaili mawili ubavu kwa ubavu nikalinganisha saa zake. Pengo la s002 lilifunguka pale mstari wa s005 ulipoanza, likafungwa pale ulipoisha. Ule niliouita ukimya wa mtumiaji ulikuwa ni yule dada amesimama kwenye mlango wa rekodi iliyofungwa na mtu mwingine, na kelele zake zote zilikuwa zinaandikwa kwenye daftari nisilolifungua.

Nilikaa na hilo kwa muda.

## trcsess, na furaha ya siku mbili

Chombo cha kazi hii kipo tangu toleo la 10g. Kinaitwa trcsess. Unakipa mafaili yote, kinaokota mistari ya kipindi kimoja na kuipanga kwa saa kwenye faili moja, kisha faili hilo unalipeleka kwa TKPROF, chombo cha kulifupisha, kama kawaida:

`trcsess output=kipindi143.trc session=143.2871 *.trc`

Ile 2871 usiiache. Namba 143 hutumika tena na tena: mtu akiondoka, mwingine hupewa. Namba ya pili ndiyo inayotofautisha aliyekuwepo asubuhi na aliyekuja mchana. Na usiipe TKPROF mafaili mabichi ya seva za kushirikiana ukidhani unasoma habari za mtu mmoja. TKPROF inajumlisha kila ilichokikuta ndani ya faili. Kama ufuatiliaji uliwashwa kwa huduma nzima, jedwali zuri unalolipata mwishoni ni mchanganyiko wa watu wasiojuana.

Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikalisoma lile faili lililounganishwa kwa utulivu na nikakuta amri za skrini ya marekebisho ya mwisho wa mwezi. Nikampigia.

"Hapana, hiyo mimi sina hata ruhusa ya kuifungua," akasema.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimevua tabaka moja tu. Chini yake lilikuwepo la pili. Programu anayoitumia haimpi kila mtu kipindi chake. Ina vipindi vichache ilivyovifungua tangu asubuhi na inaviazimisha: unabonyeza, unapewa kimoja, ukimaliza kinarudi, anachukua mwingine. Kipindi 143 hakikuwa chake. Kilikuwa cha yeyote aliyebonyeza kwa wakati ufaao. Hata mimi nilikipata kwa kuangalia kipi kilikuwa ACTIVE, yaani kazini, alipobonyeza, na asubuhi ile nilijihesabu kuwa makini.

Basi je, zile sekunde 41 zilikuwa zake kweli?

Swali hili lilinisumbua kuliko la kwanza. Mara ya kwanza nilikosea kwa kukosa ushahidi. Sasa ushahidi ninao, una jina la tukio na mikrosekunde zake, na bado ningeweza kuwa nimempa mtu maumivu ya mtu mwingine. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimeomba na thamani za amri ziandikwe. Kwenye ile UPDATE, miongoni mwa thamani hizo, ilikuwepo namba ya hati. Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi alipokuwa akinisomea kwenye simu: tarakimu nane, na zote zililingana.

Zilikuwa zake. Lakini nilijua kwa bahati, na bahati si njia ya kufanyia kazi hii.

(Nilipowaeleza wenzangu, wa kwanza kuuliza alitaka kujua kwa nini programu yenye akiba yake ya miunganisho ipite tena kwenye seva za kushirikiana. Ana haki. Kushirikiana mara mbili hakuleti faida yoyote ninayoiona; programu kama hiyo iandikiwe `SERVER=DEDICATED`, yaani seva ya pekee kwa kila muunganisho, kwenye anwani yake ya kuunganishia, basi. Seva za kushirikiana ziliwekwa kwa ajili ya programu ya zamani ya mezani ambayo kila mtu huifungua asubuhi na kuiacha wazi kutwa. Hiyo ina miunganisho mingi inayolala, na hapo ndipo zinapostahili.)

## Jina lisafiri na kazi

Dawa ilikuwepo siku zote, nami nilikuwa naichukulia kama pambo. Programu inapoazima kipindi, kabla ya amri ya kwanza, inasema inafanya kazi kwa niaba ya nani: `DBMS_SESSION.SET_IDENTIFIER`. Nafasi ni baiti 64, zinatosha. Kuanzia hapo jina linaonekana kwenye v$session na linaandikwa kwenye kila faili la ufuatiliaji ambako kazi hiyo inapita. Huwashi tena ufuatiliaji wa kipindi. Unawasha wa mtu, kwa `DBMS_MONITOR.CLIENT_ID_TRACE_ENABLE`, na trcsess unaipa `clientid` badala ya `session`. Akipita kwenye vipindi saba na seva tano, unampata mzima.

Watengenezaji wa programu waliogopa safari ya ziada kwenda kwenye hifadhidata kila mtu anapobonyeza. Hofu yao ilikuwa ya kweli, kwa sababu safari ndogo zikizidishwa mara elfu huwa kubwa. Lakini kwenye JDBC, njia ya Java ya kuongea na hifadhidata, unaiweka kwa `setClientInfo` yenye ufunguo `OCSID.CLIENTID`, na jina linapanda pamoja na amri inayofuata. Hakuna safari mpya. Walipoliona hilo kazi ilichukua mchana mmoja.

Na mchana huohuo tukaacha kosa ndani.

Tuliweka jina wakati wa kuazima. Hatukulifuta wakati wa kurudisha. Wiki ile, nilipokuwa nikikagua, nikaona kazi nzito ya usiku, ya kukokotoa salio zote, ina jina la mtu ambaye nilijua yuko likizo. Hakuwa ameingia. Kipindi alichokiazima mara ya mwisho kilibaki na jina lake, na kazi ya usiku, ambayo haikuwa inajitambulisha, ikakiazima ikiwa imevaa jina hilo.

Nataka niliseme hili kwa uzito wake. Kipindi kisicho na jina kinakulazimisha kuuliza. Kipindi chenye jina la uongo kinakujibu. Ningeweza kumpelekea mkuu wa idara ripoti yenye tarehe, saa na mikrosekunde, ikionyesha kwamba mtu fulani aligusa salio zote saa nane usiku, na hakuna ambaye angeitilia shaka, kwa sababu imetoka kwenye hifadhidata. Tangu siku ile jina linafutwa kwa `CLEAR_IDENTIFIER` kabla kipindi hakijarudi, na kazi za usiku zina majina yake zenyewe. Na bado ninapoona jina kwenye faili, huwa natafuta kitu kingine cha kulithibitisha kabla sijalitamka mbele ya watu.

Thamani za amri nazo ni siri za watu. Zinaonyesha walichoandika, si idadi ya amri tu. Sasa naziwasha kwa ruhusa ya mhusika, na faili nalifuta kazi ikiisha.

Wanaotumia hifadhidata ya PostgreSQL nyuma ya PgBouncer, mgawaji wa miunganisho, wasidhani wameepuka. Kwenye hali ya muamala, kila muamala unaweza kuangukia muunganisho tofauti wa seva, na alama ya `%c` unayoiweka kwenye mistari ya logi inatengenezwa kwa saa mchakato ulipoanza na namba ya mchakato huo. Ni mchakato uleule, mhudumu yuleyule, ambaye hamjui mteja. PgBouncer angalau hutunza `application_name` ya kila mteja. Itumieni.

## Mshika kufuli asiye na seva

Limebaki la nani alikuwa ameifunga ile rekodi. Niliwahi tukio lililofuata, safari hii nikaangalia BLOCKING_SESSION, kipindi kinachozuia kingine, kwenye v$session. Ilisema 211. Nikaitazama 211: STATUS yake INACTIVE, na kwenye safu ya SERVER neno moja, NONE.

NONE maana yake hana seva. Yuko kwenye seva za kushirikiana, hana ombi lolote, kwa hiyo hakuna mchakato unaomhudumia. Ukitafuta mchakato wake kwenye mfumo wa uendeshaji hutaupata. Na bado ameshika kufuli, kwa sababu kufuli ni mali ya muamala, na muamala wake haujafungwa. Alikuwa ni mtumiaji wa ile programu ya zamani ya mezani: ukifungua hati kwa kuhariri inaifunga papo hapo, na inaiachia utakapohifadhi. Akiinuka kwenda kwenye kikao, hati inabaki imefungwa.

Hili pia lilifungua fumbo la zamani. Mara chache, asubuhi zenye shughuli nyingi, mfumo mzima wa mezani ulikuwa unasimama na sisi tunauzima na kuuwasha upya, hatujui kwa nini. Fikiria seva zote za kushirikiana zimefika kikomo cha `MAX_SHARED_SERVERS`, na kila moja imeshikwa na mtu anayengoja kufuli ya 211. Kisha 211 anarudi mezani na kubonyeza hifadhi. Ombi lake linaingia foleni. Hakuna seva ya kulichukua. Yeye peke yake ndiye anayeweza kuwafungulia, na wao ndio waliomzibia njia. Kwenye seva za pekee jambo hilo halitokei, kwa kuwa mwenye kufuli ana mchakato wake unaomngoja yeye tu.

Programu ya mezani sasa haifungi hati mpaka mtu anapobonyeza hifadhi. Ikikuta mwingine ameshaibadilisha, inamwambia. Kikomo cha seva tumekipandisha. La kwanza ndilo lililotibu.

## Karatasi yake

Nilimpigia yule dada kabla ya mabadiliko hayo kuingia. Nilitaka asikie kutoka kwangu kwamba nilimwambia jambo lisilo kweli. Nikamweleza: siku ile ulikuwa unaingoja hifadhidata, na mimi nilisoma faili moja kati ya manne.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba tangu siku ile amekuwa akiandika. Kila inapoganda anatazama saa ya ukutani, anaandika inapoanza, anaandika inapoachia. Hakuna aliyemwomba. Alidhani siku moja mtu atataka kujua.

Nikafungua dba_hist_active_sess_history, kumbukumbu ya vipindi vilivyokuwa vikifanya kazi au kungoja. Sampuli zake huchukuliwa kila sekunde kwa kila kipindi, bila kujali kiko kwa seva ipi, na zinazohifadhiwa ni moja katika kila kumi, kwa hiyo kuganda kwa sekunde 41 kunaacha mistari minne hivi. Kwetu hukaa siku nane. Nikamwambia yaliyo ya nyuma zaidi ya hapo siwezi kuyaona tena, lakini ya siku nane zilizopita tunaweza kuyapitia moja moja.

"Jumatatu," akaanza kusoma, "saa tatu na dakika kumi na mbili."

Nikaitafuta. Ilikuwepo, mistari mitatu, 211.

"Ipo," nikasema. "Endelea."